Mtutu mpya wa .375 unakamata shaba balaa: nisugue mpaka lini?

MtuWaManyoni

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina bunduki ya bolti (ile ya kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono kwa kila risasi), kaliba .375 H&H, mpya kutoka boksini. Leseni ipo, vibali vipo, nasema mapema ili tusimalize kurasa mbili hapo. Nimeipeleka uwanjani kurekebisha darubini. Risasi za mwanzo zilikaa vizuri sana, mita 100 matundu yote ndani ya upana wa vidole viwili. Kadiri nilivyoendelea kupiga yakaanza kutawanyika, mpaka nikahisi darubini imelegea. Nikakagua skurubu zote, zimekaza.

Nyumbani nikamulika mdomo wa mtutu kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Kwenye matuta ya mifereji (ile iliyochongwa ndani ya mtutu kuizungusha risasi) kuna michirizi ya rangi ya shaba kuanzia ukingoni kwenda ndani, mingine inaonekana bila hata kukodoa macho. Nikaanza kusafisha kwa dawa ya amonia. Kitambaa kinatoka bluu. Nasugua kwa brashi, napitisha kingine, bluu. Jioni nzima bluu tu, mpaka harufu ikanifukuza sebuleni.

Maswali: hii ni kawaida kwa mtutu mpya au nimeuziwa bomu? Na ile habari ya kupiga moja-unasafisha, moja-unasafisha ina ukweli? Bei ya risasi za kaliba hii mnaijua, siwezi kuteketeza boksi kwa ajili ya kulainisha bomba.

Naomba kuwasilisha.

Chausiku_M

Ngoja wataalamu waje. Naweka kigoda hapa.

MzeeWaKitalu

Kijana, kabla ya mtutu tuanze na mkono. Hicho kitambaa unakisukuma na nini? Ncha ya rodi yako ni ya chuma, plastiki au brasi? Na brashi je?

MtuWaManyoni

Shikamoo mzee. Ncha ni brasi, ile yenye kisindano cha kuchomekea kitambaa. Brashi ni ya bronzi, ilikuja kwenye seti pamoja na rodi.

MzeeWaKitalu

Marahaba. Basi nusu ya bluu yako umeileta mwenyewe kutoka dukani.

Brasi ni shaba na zinki. Bronzi ni shaba na bati. Dawa inayokula shaba haiulizi kama shaba hiyo imeachwa na risasi au ni ya rodi yako, inakula tu. Dondosha tone moja la dawa juu ya ile ncha, subiri kidogo, futa kwa kitambaa kipya. Kikitoka bluu utanielewa.

Kwa kazi ya shaba tumia brashi ya nailoni, na ncha ya plastiki au iliyopakwa nikeli. Brashi ya bronzi usiitupe, ina kazi yake kwenye masizi, ila si wakati dawa ya shaba imo ndani ya mtutu. Ukitumia kwa masizi isuuze na uikaushe kabla ya kuirudisha kwenye boksi. Dawa ikikaa kwenye nywele zake, itakuwa na kipara kabla ya msimu kwisha.

MtuWaManyoni

Mzee, nimejaribu saa hii hii. Tone juu ya ncha ya brasi, kitambaa kimetoka bluu ya anga! Nilikuwa nasafisha rodi usiku kucha.

Ticha_Kemia

Niongezee pale kwa mzee maana ndiyo kazi yangu kila asubuhi.

Ganda la nje la risasi nyingi za kuwindia ni mchanganyiko wa shaba takribani asilimia 95 na zinki asilimia 5. Ndani kuna madini ya risasi. Ganda hilo linapita kwenye mifereji kwa msuguano na joto kali, na kiasi kidogo kinabaki. Hiyo si kasoro, mtutu wowote unaopigishwa risasi zenye ganda la shaba unabaki na shaba kidogo. Tatizo ni kiasi, na mahali inapojikusanya.

Sasa dawa. Watu wanadhani amonia peke yake inayeyusha shaba. Hapana. Oksijeni ya hewani ndiyo inayoanza kuishika shaba, kisha amonia inaichukua na kuipeleka kwenye majimaji. Ndiyo maana wale wanaoziba mdomo wa mtutu na kuujaza dawa pomoni wanashangaa kazi haiendi: humo ndani hewa hakuna. Kitambaa kilicholowa, kikaacha ukuta wa mtutu una unyevu na hewa inapita, kinafanya kazi kuliko bomba lililojaa.

Kuna jambo jingine mtaliona wenyewe. Mara nyingi kitambaa kinatoka hakina rangi ya maana, unasema hewala, nimemaliza. Kiache juu ya meza. Baada ya dakika chache kinageuka bluu mbele ya macho yako. Shaba hutoka kwanza ikiwa katika hali isiyo na rangi, ikikutana na hewa ndipo inapata ile bluu. Kwa hiyo usihukumu kitambaa kikiwa bado mkononi.

Pangani_Boy

Wakuu mnahangaika na madawa ya dola. Ndimu na chumvi inang'arisha sinia la shaba, itashindwa mtutu? Ikigoma, kipande cha stili waya kwenye rodi, dakika tano kazi imeisha.

MzeeWaKitalu

@Pangani_Boy hapana, hapana, hapana. Vijana msiige hii.

Stili waya ni chuma juu ya chuma. Utatoa shaba na kingo za matuta pamoja. Na ukiharibu ule ukingo wa mdomo wa mtutu, mahali pa mwisho risasi inapogusa kabla ya kwenda zake, hakuna darubini itakayokuokoa. Ndiyo maana siku zote tunasafisha kutoka nyuma kwenda mbele: bolti imetolewa, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na kile kibomba cha kuongozea rodi kimewekwa mahali pa bolti ili rodi isisugue upande mmoja na dawa isichuruzike kwenye kifyatulio na kwenye mbao.

Ticha_Kemia

Ndimu ni asidi na chumvi ni chumvi. Sinia halina matuta wala mifereji, na halipati kutu ya chuma. Mtutu wako ni chuma.

Halafu kwa kuwa tumefika kwenye dawa za jikoni, hili nalisema kwa herufi kubwa: AMONIA NA JIKI HAVIKUTANI. Si ndani ya mtutu, si kwenye beseni la kusuuzia vitambaa. Inatoka gesi inayounguza mapafu, na wengi wetu tunasafishia bunduki chumbani madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Hata dawa ya amonia peke yake, fungua dirisha. Mbu atakusamehe.

Mswahili_Dallas

Salamu kutoka Texas wandugu. Mimi ni wa Voi, niko huku miaka mingi, napiga nguruwe mwitu na .308. Kwetu Kenya uwindaji wa leseni ulifungwa mwaka 1977, kwa hivyo haya mambo nimeyasomea ugenini.

Swali la kupiga moja na kusafisha. Huku ni vita ya miaka. Krieger, watengenezaji mitutu wa Wisconsin, wanaeleza hivi. Mtutu wenyewe wameulainisha kwa mkono kufuata mwelekeo wa risasi. Lakini fundi anapochonga chemba, kile chombo kinazunguka, na pale kooni, mahali risasi inatoka chemba na kuingia kwenye mifereji, kinaacha mikwaruzo iliyokata njia ya risasi. Mikwaruzo hiyo ni mbuzi ya kukunia nazi: inakuna ganda la risasi, shaba iliyokunwa inachanganyika na gesi ya moto na kwenda kubandika mbele zaidi. Risasi za mwanzo zinapiga msasa hapo kooni. Ukisafisha kati ya moja na nyingine, unahakikisha kila risasi inagusa chuma chenyewe, si shaba ya mwenzake.

Upande wa pili kuna marehemu Gale McMillan, naye alikuwa mtengenezaji mitutu mkubwa. Yeye aliandika wazi kwamba mchezo wote huo unapunguza maisha ya mtutu na unawanufaisha wauza mitutu. Kwa hivyo wakubwa wenyewe hawakubaliani.

Yangu mimi: mtutu wa kiwandani haukulainishwa kwa mkono. Umefinyangwa kwa nyundo au kusukumiwa kifungo, umetiwa boksini. Koo lake lina mikwaruzo na mwili wake pia una mikwaruzo. Wa aina hiyo unakamata shaba zaidi mwanzoni, na unapungua wenyewe kadiri unavyotumika. Ndugu wa Manyoni hajauziwa bomu.

MzeeWaKitalu

Nimekusoma Dallas. Nadharia ya koo naikubali. Ninachokataa ni kuigeuza ibada.

Wewe uko Texas, .308 unainunua kwenye rafu karibu na mkate. Huku .375 kuipata ni safari, na ukishaipata unaihesabu kama dhahabu. Mtu akimaliza boksi zima kwa kupiga moja na kusafisha, msimu ukifunguliwa ataingia porini na mtutu uliolainika na mfuko mtupu. Kwa mwindaji wa huku mimi nashauri hivi: zile risasi ambazo lazima uzipige kurekebisha darubini, ndizo hizo hizo za kulainishia. Piga chache, safisha shaba, piga chache, safisha. Bunduki ya .375 haitaki kupigwa mfululizo hata hivyo, bega linaomba mapumziko na mtutu unatakiwa upoe. Tumia mapumziko hayo kusafisha. Hujapoteza hata risasi moja.

Halafu kuna swali hakuna aliyeuliza. Kijana, risasi gani hizo? Za ganda, au shaba tupu?

MtuWaManyoni

Mchanganyiko mzee. Nilianza na za ganda zenye madini ya risasi ndani, nikamalizia na za shaba tupu kwa sababu ndizo nitakazotumia kwa mbogo.

MzeeWaKitalu

Haya, tumefika penyewe.

Zile za shaba tupu hazina moyo laini ndani wa kubonyea. Zinasukuma ukuta wa mtutu kwa nguvu zaidi, na zikiwa hazina mikato ubavuni zinaacha shaba nyingi. Barnes, watengenezaji risasi wa Marekani, walipotoa risasi yao ya shaba tupu, ile X, mwaka 1989 hayo ndiyo yalikuwa malalamiko ya watu. Mwaka 2003 wakatoa TSX yenye mikato ya kuzunguka, ukuta unaogusana na mtutu ukapungua, na malalamiko yakapungua. Siku hizi karibu wote wanaotengeneza za shaba tupu wanaweka mikato.

Na jambo ninaloliona kila msimu kwa wateja: mtutu una tabaka la risasi ya aina moja, wewe unaingiza aina nyingine juu yake, matundu yanatawanyika, unalaumu darubini. Wewe umebadilisha aina katikati ya uwanja, mtutu mpya, haujasafishwa. Safisha mpaka kwenye chuma, kisha rekebisha darubini kwa risasi moja tu, ile ya mbogo. Hizo nyingine zipige siku nyingine, kwa mtutu msafi.

Chausiku_M

Nondo zinashuka humu. Kigoda nimebadilisha nimeleta mkeka.

Ticha_Kemia

Kwa wapenda historia. Tatizo hili lilikuwa baya zaidi kwa babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza) na bunduki zao za .303, kwa sababu ganda la risasi za kijeshi enzi zile lilikuwa shaba na nikeli. Kasi ikiwa kubwa, mchanganyiko huo unabandika kwa mabonge, hasa karibu na mdomo wa mtutu, na bonge halitoki kwa kusugua. Wamarekani na .30-06 yao walikuwa wanachanganya dawa kali ya amonia na kuimimina kwenye mtutu. Ukisahau ikakauka humo, unaamka na kutu.

Kabla ya hapo, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, wapiga mizinga wa Ufaransa waligundua kwamba ukitia bati kidogo kwenye baruti, shaba inatoka yenyewe. Bati likiyeyuka linaungana na shaba, kinachopatikana ni kitu chepesi kuvunjika, gesi ya mpigo unaofuata inakipeperusha. Mwaka 1921 Wamarekani wakajaribu kupaka bati risasi za mashindano. Miaka hiyo hiyo ya 1920 wakahamia kwenye ganda la shaba na zinki, ambalo ndilo tunalo mpaka leo. Wazo la kuweka kiondoa shaba ndani ya baruti halikufa: baruti ya Hodgdon CFE 223, hizo herufi tatu maana yake ni kifuta shaba.

Mswahili_Dallas

CFE naitumia huku, na kweli kusafisha kumepungua. Lakini haiondoi kazi ya kitambaa, inaichelewesha tu. Na kwa .375 ya dukani hujui baruti gani imo ndani, kwa hivyo usihesabu juu ya hilo.

Mtanga_Asilia

Mimi niko Tanga, mita chache kutoka baharini, na nataka niwaambie watu wa bara kitu. Huku adui wa kwanza si shaba. Dawa ya amonia ina maji ndani. Mkimaliza kusafisha mkaacha mtutu umekauka kavu bila mafuta, kwa hewa ya huku unyevu unaingia na kesho yake kitambaa cha kwanza kinatoka na rangi ya udongo mwekundu. Ile rangi si shaba, ni kutu. Shaba ni bluu au kijani. Masizi ni nyeusi. Udongo mwekundu ni kilio.

Pia wale wenye risasi za zamani za kijeshi: baadhi zina kiwashio chenye klorati ya potasiamu, na kinachobaki baada ya kupiga ni chumvi kabisa, ndugu yake ile ya mezani. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayeyusha. Pitisha maji ya moto, kausha, kisha ndiyo uendelee na mambo yenu ya shaba.

MtuWaManyoni

Nimewasoma wote. Mzee naomba unipangie kazi kwa mpangilio basi, kuanzia sasa mpaka nirudi uwanjani. Na hii dawa niiache humo kwa muda gani? Kuna mtu ameniambia ilale usiku mzima.

MzeeWaKitalu

Usiku mzima hapana, kwa dawa kali ya amonia. Chupa ya Sweet's 7.62, ile ya Australia, inasema isizidi dakika 15. Soma chupa yako na uitii. Zipo dawa za povu na zisizo na amonia ambazo mtengenezaji mwenyewe anaruhusu zilale, hizo ni habari nyingine, na pua yako itakushukuru.

Anza na masizi. Shaba na masizi vimekaa kwa tabaka, masizi juu ya shaba juu ya masizi, na dawa ya shaba haipenyi masizi. Dawa ya kawaida ya bunduki, Hoppe's au yoyote uliyonayo, brashi ya bronzi, vitambaa mpaka weusi upungue. Hata mafuta ya taa yanafanya, sisi tulilelewa nayo kwenye vituo vya game, ila yajue mipaka yake: yanatoa masizi, shaba hayaigusi. Kausha kabisa, kwa sababu hatuchanganyi dawa mbili ndani ya mtutu.

Sasa nailoni na dawa ya shaba. Lowesha, subiri, toa kitambaa, kiweke mezani kama Ticha alivyosema. Ukiona rangi imegoma kabisa lakini tochi bado inaonyesha michirizi, maana yake kuna masizi mengine chini yake, rudi mwanzo. Wengi hukata tamaa hapo. Kitambaa kikibaki cheupe, kausha, paka mafuta mepesi.

Siku ya uwanjani, vitambaa vikavu kutoa mafuta yote. Kisha toa bolti uangalie mwanga unapita mpaka upande wa pili. Kitambaa kilichosahaulika ndani kinapasua mtutu, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo.

MtuWaManyoni

MREJESHO. Nimepata ncha ya plastiki na brashi ya nailoni kupitia jamaa wa Arusha. Masizi yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Baada ya hapo bluu ilitoka nzito, ikafifia, ikakatika. Tochi inaonyesha chuma kitupu, isipokuwa alama hafifu kwenye tuta moja karibu na mdomo.

Uwanjani nimetumia zile za shaba tupu pekee, nikipiga na kusafisha kwa mafungu kama mzee alivyosema. Risasi ya kwanza kwenye mtutu uliotoka kusafishwa ilikwenda juu kidogo kuliko zingine. Zilizofuata zimekaa pamoja, vidole viwili tena. Na safari hii bluu ya kusafisha imekuwa kidogo zaidi kuliko mwanzo.

Swali la mwisho: ile alama kwenye tuta niiandame? Na hiyo risasi ya kwanza iliyopanda, niogope?

Mswahili_Dallas

Alama iache. Kila ukiingiza rodi kuna hatari ya kukwaruza, na mitutu mingi inauawa na usafi kuliko uchafu. Mtutu unapiga vizuri, unatafuta nini tena? Kuna unga laini wa kusugulia, JB, kwa shaba iliyogoma kabisa, lakini huo ni msasa, na mtutu wako haujafika huko.

MzeeWaKitalu

Naunga mkono. Mimi sisafishi shaba kwa kalenda. Matundu yakianza kutawanyika ndipo nasafisha. Masizi, unyevu na vumbi, hivyo ndivyo vya kila jioni kambini.

Risasi ya kwanza kupanda kutoka mtutu mtupu ni jambo la kawaida, mitutu mingi hufanya hivyo. Kwa mbogo hilo ndilo la kulijua kuliko yote, kwa sababu risasi yako ya kwanza ndiyo iliyo muhimu na mbogo hakupi za kujaribia. Kwa hiyo usiingie porini na mtutu uliong'arishwa jana usiku. Ukishasafisha shaba, piga chache uwanjani mpaka zitulie, toa masizi tu, na uende nao hivyo hivyo. Mafuta toa asubuhi kabla ya kuondoka kambini.

MtuWaManyoni

Ahsante sana mzee, na wote. Mod anaweza kuubandika uzi huu juu.

Chausiku_M

Samahani wakuu kabla haujafungwa. Mimi nina shotgan ya marehemu baba, nimehamishiwa umiliki juzi. Na yenyewe nitafute hiyo dawa ya bluu?

MzeeWaKitalu

Hapana binti, shotgan haina mifereji wala ganda la shaba la kubandika. Humo utakuta plastiki ya kile kikombe cha gololi na madini ya risasi, dawa ya kawaida na brashi ya bronzi inatosha. Ila kabla hujaipiga, ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni aipime mtutu na kufuli, hasa kama imekaa darini muda mrefu. Fungua uzi wako tutakuja.